Magemu Mawili, Ukuta Mmoja

Jumatatu, 16 Juni 2025

Asubuhi ukungu mzito, minazi ya msikitini inaonekana shina tu. Baridi. Upepo hakuna.

Nurdini amemaliza kulikagua gemu letu. Hali ni mbaya.

Nurdini ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Anafanya kazi ya kompyuta Dar, na likizo yake hapa Kibiti inakwisha Jumatano ya wiki ijayo. Ndiye aliyenitengenezea gemu la mtandaoni linaloitwa Dungu. Mchezaji anapewa shamba la mpunga bondeni na dungu lake, yaani kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia. Analima, anapanda, analinda. Nguruwe wakija, anapiga debe. Ndege wakija, anapiga debe. Akichoka, jirani anaweza kupanda dungu lake akamlindia. Basi, hakuna kingine. Sikudhani watu wangelipenda hivyo. Wanacheza kijijini Mtawanya, wanacheza Mloka, wanacheza mpaka Kiongoroni visiwani, ambako inabidi washuke gatini kutafuta mtandao.

Nurdini anasema gemu limeoza. Anasema ukivuta uzi mmoja, kanzu nzima inafumuka. Ni kweli kila jioni linakwama. Ni kweli pia juzi nguruwe wa Mtawanya alipaa. Anataka kulifunga leo leo, alijenge upya kabla hajaondoka.

Nikamuuliza mpunga wa watu utakwenda wapi. Akasema hauendi popote, utapotea. Mashamba ya sasa ni ya mraba, ya gemu jipya yatafuata mikunjo ya mto, kwa hiyo mpunga uliosimama hauhamishiki. Unaohamishika ni uliokwisha kuvunwa, maana huo ni magunia tu.

Na siku ya mavuno ni Jumapili! Watu wamelinda tangu Februari!

Uamuzi wangu: hatufungi. Sababu ya kwanza, mpunga. Sababu ya pili, Faudhia.

Faudhia ana banda la kuchaji na kutengeneza simu, ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza yetu. Mwaka jana alilicheka Dungu. Mwaka huu naye ameanzisha gemu, la mashindano ya ngalawa. Nikifunga siku moja tu, atabeba watu wangu wote kwa ngalawa zake.

Tumekubaliana iwe siri. Nurdini nimemwapisha. Nimemwambia Baba peke yake, kwa sababu Baba si mtu wa maneno.

Nimelala saa nne (mstari huu huujaza asubuhi yake).

Jumanne, 17 Juni

Wingu. Manyunyu kidogo alfajiri.

Sijamaliza kufagia uwanja, Faudhia kavuka barabara na kitenge kipya. Akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, "Shoga, usijifiche, msiba haufichwi. Dungu si linafungwa?" Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema Mzee Kondo aliwaambia wenzake jana kwenye kahawa, kwa siri.

Mzee Kondo ni Baba.

Faudhia akaongeza kwamba ngalawa zake zina nafasi, na wajane wa mpunga wanapokelewa bila masharti. Nikamwambia ngalawa zake zinavuja. Akasema bora kuvuja kuliko kuzikwa. Akarudi kwake. Jibu nililipata wakati wa kupika.

Mchana Bi Mashavu alipiga simu kutoka Mloka. Huyu ndiye mchezaji wetu wa kwanza kwa shamba zuri. Masuke yake yamelala kwa uzito. Alisema hataki kunisumbua, anauliza neno moja tu: ni kweli gemu halifiki Jumapili?

Nikajikohoza. Akaendelea mwenyewe. Mwezi wa nne tembo walimaliza mahindi yake ya kweli. Mwezi wa tano wakarudi kula mpunga, safari hii na watoto wao. Alikuwa juu ya dungu anapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Tembo mmoja akaja kujikuna mgongo kwenye nguzo ya dungu lake, taratibu, kama yuko kwao. Halafu akasema, "Mwanangu, mwaka huu mpunga wangu ni huo wa kwenye simu. Na mimi nivune, japo kwa kidole."

Nikamwahidi atavuna. Niliapa wallahi. Baada ya kukata simu ndipo nilipokumbuka kwamba sijui atavunaje.

Nikaenda kukaa sebuleni kufikiri. Huko moshi. Baba amejenga jiko jipya mwezi huu, na ili kuokoa nguzo ameliegemeza kwenye nyumba, ukuta ukawa mmoja. Boriti za mikoko siku hizi hazipatikani, anasema, na mwenye akili hajengi kuta nne akiwa tayari na mmoja. Tangu hapo sebule ina moshi. Baba anasema moshi unafukuza mbu.

Hapo hapo wazo likanijia!

Gemu jipya liegemee la zamani! La zamani linaendelea, jipya linajengwa pembeni, kompyuta hiyo hiyo, ghala la kumbukumbu hilo hilo. Jumapili watu wanavuna huku, Jumatatu wanahamia kule. Hatupotezi kitu.

Nurdini alikataa. Alisema hiyo si nyumba. Alisema magemu mawili yakila ghala moja, kitu cha huku kitatokea kule. Nilimwambia vitu havipiti ukutani. Akasema ukuta wenyewe hatuna, ndilo neno analojaribu kunieleza. Sikumwelewa. Nilimkumbusha kompyuta ni ya nani. Akaanza kujenga.

Nimelala saa tano.

Jumatano, 18 Juni

Jua zuri. Upepo wa kusi.

Kazi inakwenda. Nimeandaa ratiba na kuibandika ukutani. Nurdini hajaisoma.

Saa nne asubuhi mzee mmoja wa Mtawanya aliandika kwenye baraza la gemu, pale wachezaji wanapoandikiana, kwamba amekuta pikipiki shambani mwake. Nikacheka. Gemu letu halina pikipiki. Nikamuuliza Nurdini. Hakucheka. Pikipiki ni ya gemu jipya, aliitengeneza jana usiku.

Mpango: nikatangaza kwamba ni zawadi ya mkulima bora wa wiki.

Lilikuwa kosa dogo. Mzee akaiwasha na kupita nayo kwenye mpunga wa majirani wawili. Majirani wakataka pikipiki. Wa Kiongoroni wakauliza kwa nini zawadi zote zinakwenda bara, wao wa visiwani si watu? Mmoja akataka boti. Nurdini alipojaribu kuiondoa pikipiki, ikaondoka, ila na mzee akaondoka nayo. Amemrudisha jioni. Mzee anasema huko alikokuwa ni kuzuri, kuna mto.

Nurdini anataka siku nzima aweke mlango kati ya magemu mawili, ili vitu visivuke. Nikamwambia baada ya mavuno. Tusipoteze muda kwa mlango wakati paa halijaezekwa.

Nimelala saa tano unusu, macho yakiwasha. Moshi.

Alhamisi, 19 Juni

Ukungu mwepesi, kisha jua.

Leo nimempeleleza Faudhia. Nimejiandikisha kwenye gemu lake la ngalawa kwa jina la Nassibu wa Kiongoroni, mvuvi, miaka arobaini na miwili. Nia yangu ni kuhesabu wangapi wa kwetu wamehamia.

Sikuhesabu. Nilishika usukani saa tatu asubuhi, nikashtuka adhuhuri wali umeungua. Nilikuwa nimeshinda mbio mbili na nimepewa tanga jekundu. Kwa haki, si gemu baya. Sitarudia kuandika hivyo.

Alasiri Faudhia akanipigia kelele kwa jina langu la kweli kutoka bandani kwake, watu wanasikia: "Hongera nahodha Mwajabu!" Nikamjibu simjui nahodha yeyote. Akasema wavuvi wake wote wakiingia wanaandika salamu. Mmoja tu ndiye aliyeanza na tarehe, siku, na hali ya hewa ya asubuhi.

Sielewi kosa liko wapi. Mtu anaanzaje siku bila hivyo?

Nurdini ameweka tembo kwenye gemu jipya. Wachezaji wa Mloka ndio walioomba, wakisema gemu la bonde bila tembo ni uongo. Kule kuna moshi wa pilipili wa kuwafukuza, na amewafungia kwa kitufe kimoja. Ameniambia mara nyingi nisikiguse. Kaniambia kama mtoto.

Nimelala saa nne unusu. Nimeota tanga jekundu.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi shwari. Shwari mno.

Nurdini na Baba walikwenda Ijumaa. Nilibaki na kompyuta. Nataka iandikwe wazi kwamba sikugusa kitu.

Niligusa kitu kimoja.

Nilitaka tu kuhakiki. Msimamizi gani anapokea tembo bila kuwaona? Nikasema nafungua, natazama kama masikio yanafanana, nafunga. Nikafungua. Masikio yanafanana kabisa. Walikuwa wazuri, wa kijivu, wanakunjana mikonga. Wakatembea kidogo kando ya mto. Halafu wakatoka pembeni ya kioo.

Nikasubiri warudi.

Nurdini aliporudi akaniuliza wako wapi. Nikasema wametoka. Akauliza wametokea wapi. Kabla sijajibu, baraza la gemu la zamani likajibu. Mzee wa pikipiki wa Mtawanya aliandika kwa herufi kubwa: TEMBO.

Wamevuka. Ukuta mmoja.

Na huku hakuna moshi wa pilipili. Huku kuna debe tu. Kule wanafuata mto, lakini huku mto hakuna, kwa hiyo wanakwenda shamba kwa shamba, wanamaliza moja ndipo wanaingia la pili. Shamba la mwisho kabisa, pembeni, ni la Bi Mashavu.

Nikamwambia Nurdini awaue. Akasema awaue vipi, hakuna mahali alipoandika kwamba tembo anakufa. Nikamwambia afunge gemu. Akasema akifunga mpunga wote unapotea, nimesahau? Nikamwambia asogeze siku ya mavuno iwe leo. Akajaribu. Mpunga wa watu wote ukarudi kuwa miche. Akairudisha tarehe, na mpunga ukarudi.

Baba ametazama juu ya bega langu, akauliza kwani hao tembo wameingilia wapi.

Sikumbuki nimelala saa ngapi. Jambo hili halijapata kutokea katika daftari hili.

Jumamosi, 21 Juni

Hali ya hewa: sijatoka nje.

Tembo wamemaliza mashamba ya Mtawanya. Mchezaji mmoja amekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuripoti uvamizi wa wanyamapori. Akaulizwa wako wapi. Akatoa simu. Anasema mtendaji alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza gemu hilo linaingiwaje.

Nilitegemea watu watahama. Nilitegemea matusi pia, nikapata. Wa Kiongoroni waliandika kwamba mimi si mlinzi, mimi ni mwenyeji wa tembo. Mwingine aliuliza kama hii nayo ni zawadi ya mkulima bora.

Lakini hawakuhama! Kwetu aliyeliwa shamba halali. Huchukua debe lake na kwenda kwa jirani ambaye bado hajaliwa. Ndivyo walivyofanya. Kila aliyemalizwa alipanda dungu la mbele yake, na hilo likimalizwa wanakwenda la mbele tena. Jioni, mashamba yalipobaki machache, wote walikusanyika kwenye dungu la mwisho, la Bi Mashavu. Hilo lilijaa watu mpaka kwenye ngazi.

Bi Mashavu aliandika: "Karibuni. Uji sina, ila nafasi ipo."

Sijui waliona maana gani. Debe halimzuii tembo. Wa Mloka wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Jambo jingine. Tangu mwaka jana kuna mchezaji anayejiita Jirani Mwema, ambaye kila nikisinzia hunilindia shamba langu. Sijawahi kumjua. Leo naye alipanda dungu la Bi Mashavu. Magharibi nilitoka barazani kupumua, nikasikia debe kutoka ng'ambo ya barabara. Debe letu! Nalijua kwa sababu Nurdini alipolirekodi alikohoa, na kikohozi kimo mpaka leo. Debe, debe, kikohozi. Lilitoka bandani kwa Faudhia.

Tulitazamana. Nikasema, "Jirani Mwema, shoga?" Akasema simu ni ya mteja, anaijaribu spika.

Debe, debe, kikohozi.

Nikarudi ndani. Sijui nimchukieje tena. Itabidi nipange upya.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya mavuno. Asubuhi wingu jembamba, halafu likafunguka.

Mavuno ya gemu hufunguka jua linapotua. Asubuhi kati ya tembo na Bi Mashavu palibaki mashamba mawili. Adhuhuri moja. Alasiri hapakubaki kitu.

Nilimpigia simu kumtayarisha. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia. Alipopokea nikasikia debe, la kweli, la bati. Akasema simu ameiweka chini ya dungu lake la nyumbani na anapiga yote mawili, la kidole na la mkono, isije ikasemwa hakupiga. Nikakunja karatasi yangu.

Saa kumi na moja tembo wa kwanza akafika ukingoni mwa mpunga wake. Nikaandika kwenye baraza la gemu, sijui nani alinituma: "Wote kwa pamoja!" Wakapiga. Mtawanya wakapiga, Mloka wakapiga, gati zima la Kiongoroni likapiga. Ng'ambo ya barabara Faudhia alipiga debe kwa simu tatu kwa mpigo. Kompyuta ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa. Nurdini akapiga ukelele kwamba haiwezi kubeba madebe yote hayo. Nikasema waongeze!

Halafu kimya.

Kioo kimeganda. Feni inazunguka, ila hakuna kinachotembea. Mpunga wa Bi Mashavu umesimama, wa manjano, wote. Mbele yake tembo wamejipanga. Wa mbele ameunyoosha mkonga, ncha imegusa suke moja. Hapo hapo.

Nurdini alizungumza taratibu sana. Njia ni mbili. Akiliamsha gemu la zamani, tembo ataimalizia hatua aliyoianza. Akilifungua jipya, shamba hilo halitakuwepo. Afanye lipi? Wiki nzima nimekuwa na jibu la swali hili. Sasa sina. Kuliendesha la zamani ni kumlia Bi Mashavu mpunga, kulifungua jipya ni kumfuta.

Nikampigia. Nilimwambia ukweli, kwamba jua linatua na mavuno hayatafunguka, na kwamba tembo ni mimi niliyewatoa. Nilimwambia gemu limeganda.

Debe lake likakoma. Kisha akauliza, "Wamesimama?"

Nikasema wamesimama.

"Wote?"

Wote.

"Na mpunga?"

Haujaguswa. Suke moja tu.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamsikia akishuka ngazi ya dungu akicheka. Akasema, "Basi asiguse mtu hapo, mwanangu. Nimezaliwa Mloka, nimezeeka Mloka, sijapata kumwona tembo kafika kwenye mpunga wangu akasimama. Nipigieni picha."

Nikamwambia lakini nilimwapia atavuna. Akasema mpunga umesimama na tembo wamesimama, nimtajie mavuno mengine zaidi ya hayo. Halafu akaniomba radhi, akasema anaita majirani waje waone.

Nurdini akaipiga picha, akamtumia. Mpaka isha wachezaji wote walikuwa wameiweka kwenye simu zao. Faudhia ameichapisha na kuibandika kwenye kioo cha banda, na chini yake kaandika: Kwa hisani ya Jirani Mwema.

Nililia kidogo. Ni moshi.

Nimelala saa tatu.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi jua, upepo mwanana, hakuna ukungu hata kidogo. Dalili njema.

Nurdini ameamka na furaha. Anasema sasa mambo yamerahisika. Tuzime la zamani, lipumzike, Jumatano asubuhi tufungue jipya kabla hajapanda gari.

Nikamwambia kompyuta haizimwi. Tembo wa Bi Mashavu wamesimama humo, tukizima nani atawashika? Akasema picha ipo kwenye simu ya Bi Mashavu. Nikamwambia picha ni picha, tembo ni tembo. Akanitazama muda mrefu. Nadhani anaanza kunielewa.

Kwa hiyo: la zamani litabaki limeganda lakini linawaka. Jipya litafunguliwa hapo hapo, kompyuta hiyo hiyo. Nimelipanga vizuri kwenye ratiba mpya.

Na kuna la tatu. Faudhia alivuka barabara saa nne na sahani ya vitumbua. Anasema mpunga wa kule ukishavunwa utahitaji kusafirishwa, na yeye ana ngalawa. Tuunganishe. Nilijifanya kusita, nikala vitumbua, nikakubali. Nahodha wa kwanza nitakuwa mimi. Nurdini alipouliza ngalawa hizo zitakaa wapi, nikamwonyesha. Nafasi ipo, ukuta upo, ziegemee tu. Mlango tutaweka baadaye.

Amekwenda kulala mchana huu. Si kawaida yake.

Baba naye ameanza kujenga bafu. Ameliegemeza jikoni. Ameokoa nguzo nne.

Nyongeza ya asubuhi: usingizi ulinipata saa tisa kasoro robo usiku. Kulikuwa na moshi, mlio wa feni ya kompyuta isiyozimwa, na maji ya bafu la Baba yalianza kupita chini ya kitanda.